Maswali na Majibu: Kontroli Boksi Imekufa Kweli, au Inasingiziwa?

Maswali ya toleo hili yametoka Tabora na Kigoma, na yote yanahusu kompyuta ya injini, ile ambayo gereji nyingi huiita kontroli boksi. Wenye magari ya juu (kama Escudo, Prado na RAV4) ya miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni ndio wanaoulizia zaidi. Mafundi wetu wamejibu.

Suzuki inayogoma asubuhi, inawaka mchana

*Habari za kazi mafundi. Nina Suzuki Escudo ya 1996, injini 1600, gia za mkono. Asubuhi starta inazungusha vizuri lakini injini haiwaki. Nikiiacha juani mpaka saa sita inawaka kama vile haikuwa na neno. Siku nyingine inazima njiani, na taa ya injini siku hizi siioni kabisa hata nikiwasha swichi. Fundi anasema kontroli boksi imekufa, nitafute laki nne. Nifanyeje kabla sijatoa hela? – Msomaji, Ipuli, Tabora*

Hela yako ikae kwanza. Fundi wako huenda yuko sahihi, maana dalili ulizozitaja ndizo hasa za kompyuta ya Suzuki ya miaka hiyo. Ila kusema "imekufa" bila kupima ni kubahatisha kwa fedha ya mteja, na hata ikithibitika ni mbovu, mara nyingi inatengenezeka.

Anza na taa. Ukifungua swichi bila kupiga starta, taa ya injini lazima iwake. Isipowaka kuna mambo matatu ya kushuku kwanza: balbu yake imeungua, umeme haufiki kwenye kompyuta, au kompyuta yenyewe haifanyi kazi. Katika gari lako sikiliza pia pampu ya mafuta: swichi ikifunguliwa inatakiwa ivume sekunde mbili au tatu kisha inyamaze. Taa kimya na pampu kimya kwa pamoja, balbu haina kosa.

Sasa chukua mita. Betri ikiwa imetulia isome karibu volti 12.6, na starta ikizungusha isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, tatizo ni betri au vishikizo vyake, na kompyuta inasingiziwa. Kisha fyuzi na rilei kuu ya injini, yaani swichi inayojiwasha kwa umeme. Usiridhike na kuitazama fyuzi kwa macho, ipime pande zote mbili ikiwa mahali pake. Halafu shuka kwenye soketi ya kompyuta chini ya dashibodi na upime kwa nyuma ya pini bila kuichomoa: pini za umeme wa betri na wa swichi zisome sawa na betri, na pini za bodi, yaani hasi, zisome chini ya volti 0.1 ukilinganisha na hasi ya betri wakati starta inazungusha. Hapo kwenye hasi ndipo wengi wanapopita haraka. Waya wa bodi ulioshika kutu kwenye injini unaweza kuifanya kompyuta nzima ionekane mfu.

Kipimo kinachofuata wengi hawakijui. Kompyuta hutoa volti 5 kwa ajili ya sensa, na utazipata kwenye soketi ya sensa ya kikanyagio cha mafuta, ile iliyo pembeni ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini. Zikiwa kati ya 4.5 na 5.5, ubongo wa kompyuta una uhai. Zikiwa sifuri, usihukumu bado. Sensa moja iliyoshoti huzivuta zote chini, na kompyuta nzima inalala pamoja na taa yake. Chomoa sensa za volti 5 moja baada ya nyingine huku mita ikiwa palepale. Volti zikirudi ghafla baada ya kuchomoa mojawapo, mbaya wako ni huyo, na kompyuta ni nzima.

Umeme upo, hasi ni nzuri, sensa zote zimechomolewa na bado hakuna volti 5? Hapo sasa kompyuta ina hatia, na ile habari ya kuwaka baada ya jua inatuelekeza kwenye kapasita. Ni vile vikopo vidogo vya aluminiamu vilivyosimama juu ya bodi ya saketi. Vina maji ya kemikali ndani, na baada ya miaka ishirini na zaidi maji hayo hukauka au huvuja. Kapasita iliyochoka hufanya kazi vibaya ikiwa baridi na vizuri zaidi ikipata joto, ndiyo maana asubuhi gari linagoma na saa sita linakubali.

Toa waya wa hasi wa betri, subiri dakika kumi, chomoa kompyuta, fungua mfuniko wake. Tazama chini ya vile vikopo: doa la kahawia, unyevu unaong'aa, nyuzi za shaba zilizogeuka kijani, na mara nyingi harufu ya samaki aliyeoza. Ukiona hivyo, mpelekee fundi wa elektroniki anayetengeneza redio na televisheni, tena mwenye mkono mtulivu. Kapasita zenyewe bei yake ni ndogo, zinazokula muda ni hatua hizi:

Andika kila kapasita ilipokaa na maandishi yake kabla ya kuing'oa. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na iwe imeandikwa 105°C. Zile za 85°C hazitadumu ndani ya dashibodi ya gari linaloegeshwa juani. Mstari ulio ubavuni mwa kapasita ni upande wa hasi, na kwenye bodi mara nyingi kilichochorwa ni alama ya chanya, kwa hiyo usiende kwa mazoea. Bodi imepakwa vanishi ya kinga, ikwanguliwe taratibu kwenye miguu kabla ya kulehemu. Kemikali iliyomwagika isuguliwe kwa brashi ya meno na spiriti ya kusafishia vifaa vya elektroniki hadi doa liishe, kwa sababu ikibaki itaendelea kula shaba chini ya kapasita mpya. Halafu kila uzi uliopita kwenye doa upimwe kwa mita mwanzo hadi mwisho; uliokatika uungwe kwa waya mwembamba. Mwisho ni vanishi tena. Silikoni inayonuka siki isiguse bodi hiyo, inatoa asidi na asidi inakula shaba.

Ikiwa nyuzi nyingi zimeliwa, au kemikali imeingia kwenye matundu ya tabaka la pili la bodi, acha kuhangaika, tafuta nyingine. Hapo ile laki nne itakuwa na maana.

Mpya imekufa siku ya pili

*Shikamooni. Prado yangu ya 1998, injini 3RZ ya petroli, ilikufa kompyuta baada ya kubusti betri kutoka kwenye Fuso ya kubeba tumbaku. Nikanunua kompyuta ya mtumba, ikafanya kazi siku moja na nusu, injini ikaanza kumisi silinda moja, kisha ikazima kabisa. Muuzaji anasema nimeiua mwenyewe. Kweli? – Mkulima, Urambo*

Marahaba. Muuzaji anaweza asiwe mwongo. Ukiacha zile zilizochoka kwa umri, kompyuta nyingi haziugui zenyewe, zinauawa na kitu, na ukiweka mpya bila kumtafuta muuaji unamletea mwingine wa kuua.

Fuso hutumia volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatana. Ukiunga waya kwenye ncha mbili za mwisho, Prado inameza volti 24, na kinachoungua si kompyuta peke yake. Huenda na kidhibiti cha alteneta kiliguswa siku hiyo, na nozeli zinazopuliza mafuta au koili za plagi nazo zikapata mshtuko. Gari la volti 12 libustiwe na gari la volti 12. Ukikwama porini na lililopo ni Fuso tu, zima injini yake, uchukue umeme kwenye betri moja pekee, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesisi.

Kumisi kwa silinda moja kabla ya kuzima ndiko kunakotupa fununu. Ndani ya kompyuta kuna transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, inayofungua kila nozeli kwa kuishusha kwenye hasi. Nozeli ikishoti, umeme mwingi kupita kiasi unapita kwenye transista hiyo na inaungua. Chomoa soketi za nozeli zote nne upime kila moja kwa mita kwenye ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme. Za injini yako zitasoma takriban 13 hadi 14.5, na kwa joto la Urambo mchana zinaweza kupanda kidogo. Inayosoma 5 au 2 haifai kurudishwa kwenye gari. Hata zote zikikaribia kiwango hicho lakini moja ikatofautiana na wenzake kwa ohm mbili, ishuku, kisha uipime tena injini ikiwa ya moto, kwani koili iliyochoka hushoti ikipata joto. Pima vivyo hivyo koili za plagi, valvu ya sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), na kama gia ni za otomatiki, solenoidi za gia boksi, yaani valvu zinazoendeshwa kwa umeme, ambazo kwa Toyota nyingi za umri huo huwa kati ya ohm 11 na 15.

Hizo kompyuta mbili zilizokufa usizitupe, ni ushahidi. Fungua ile ya pili utafute transista iliyopasuka, iliyotoboka tundu dogo au yenye weusi pembeni. Fuata uzi wake hadi pini ya soketi, kisha waya wa pini hiyo hadi kifaa kinachoendeshwa. Huko mwisho wa waya ndiko aliko muuaji. Njiani ukague waya wenyewe, hasa pale unapopita nyuma ya injini karibu na ukuta wa bodi. Panya wa stoo za mazao wanaokaa kwenye boneti hula plastiki ya waya, na nyaya mbili zilizo uchi zikigusana matokeo yake ni yaleyale ya nozeli iliyoshoti.

Kisha alteneta. Taa kubwa zikiwaka, injini kwenye mizunguko 2000, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.8. Ikipita 15, usiweke kompyuta nyingine hadi alteneta itengenezwe. Geuza mita kwenye umeme wa AC upime palepale kwenye betri. Ikizidi nusu volti, diodi za alteneta zina walakini.

Na hapa tuseme wazi: ule mtindo wa kung'oa kishikizo cha betri injini ikiunguruma "ili kuona kama alteneta inachaji" ukomeshwe. Betri ikitoka ghafla, volti za alteneta huruka juu sana kwa muda mfupi, na kompyuta ndiyo inayozipokea. Kishikizo kilicholegea kwenye barabara ya vumbi yenye matuta kinafanya kazi hiyohiyo bila hata kuombwa. Kuchomelea nako ni vivyo hivyo. Kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea bodi au chesisi, ng'oa vishikizo vyote viwili vya betri na soketi ya kompyuta.

Namba zinatofautiana mwishoni

*Nina RAV4 ya 2002, otomatiki. Inapiga teke ikipanda kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Nimeambiwa ni kompyuta. Nimepata ya mtumba Dar es Salaam, namba inaanza sawa na yangu ila tarakimu tatu za mwisho ni tofauti. Muuzaji anasema "zinaingiliana, soketi ni zilezile". Niitume ije na basi? – Mwalimu, Nzega*

Soketi kuingia si hoja. Kwa Toyota, 89661 ya mwanzo inasema tu kwamba hii ni kompyuta ya injini. Sehemu ya pili inaanza na jamii ya gari, na tarakimu za mwisho ndizo zinazotenganisha injini, gia, soko na toleo. Yenye gia za mkono haina programu ya kuendesha solenoidi zako. Baya zaidi kwa RAV4 ya kizazi chako ni kuchanganya injini: 1AZ-FE hupuliza mafuta kwenye njia ya hewa, wakati 1AZ-FSE, ile ya D-4, hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda na nozeli zake zinaendeshwa kwa kifaa cha peke yake. Kompyuta ya moja haifai kabisa kwa nyingine. Soma namba ya injini yako kwenye kibati cha gari, usitegemee kumbukumbu ya aliyekuuzia.

Tunachoshauri ni namba ileile hadi tarakimu ya mwisho. Mwambie muuzaji apige picha ya lebo kwa karibu, namba ya Toyota na ya mtengenezaji wa kompyuta zisomeke zote, na picha ya pini. Kubalianeni kwa maandishi kwenye risiti kwamba isipofanya kazi inarudi ndani ya siku kadhaa. Muombe pia asichomoe soketi za gari alilolikata, akate waya sentimita kumi na tano nyuma yake akutumie pamoja. Pini zako zikiwa zimeoza utazihitaji, na huko mjini bei yake ni ndogo. Ifungwe kwenye nailoni na boksi gumu, hasa masika, na isipakiwe jirani na betri.

Lakini kabla ya yote hayo: RAV4 za otomatiki za 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zinajulikana kwa kompyuta inayofanya gia zipige teke, ndiyo maana jina la kompyuta linatajwa haraka. Dalili hiyo hiyo huletwa pia na oili ya gia iliyoungua, au solenoidi. Soma kwanza kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta imezihifadhi. P0753 au P0758 zinazungumzia umeme wa solenoidi za gia, kwa hiyo pima ohm za solenoidi hizo kwenye soketi ya gia boksi. Zikiwa nzuri na waya hadi kwenye kompyuta ni mzima, kompyuta inastahili lawama. Usiendelee kulitembeza gari Nzega na Tabora wakati linapiga teke. Klachi za ndani zinachakaa, na gia boksi ni ghali kuliko kompyuta mara kadhaa.

Siku ya kufunga, ng'oa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote nyuma ya droo ya abiria, maana soketi za njano unazoziona huko ni za mifuko ya hewa. Hizo ziache. Shika kompyuta kwa ubavu wa bati, usiguse pini. Ukimaliza, washa injini ikae kwenye sailensi dakika kumi bila taa wala kiyoyozi, kisha iendeshe taratibu ijifunze upya.

Inawaka sekunde mbili inazima

*Nimebadili kompyuta ya Toyota yangu, namba sawa kabisa. Injini inawaka, inazima hapohapo. Taa ya ufunguo kwenye dashibodi inapepesa. – Msomaji, Sikonge*

Gari lako lina kinga ya wizi. Kompyuta ya mtumba inaukumbuka ufunguo wa gari la kwanza na haiutambui wako. Kwa Toyota nyingi za mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, kumbukumbu hiyo iko kwenye chipu ndogo ya miguu minane ndani ya kompyuta. Fundi wa elektroniki anaweza kuihamisha chipu kutoka ya zamani, au kunakili data yake kwa mashine. Kwa hiyo kompyuta mbovu usimwachie mtu, hata kama umeambiwa ni takataka. Magari mengi yaliyoagizwa Japani ya miaka ya tisini hayana kinga hii, na hayo ukibadili unawasha na kuondoka.

Gari halina soketi ya mashine

*Fundi wangu ana mashine ya kupimia lakini RAV4 yangu ya 1996 haina tundu la kuchomeka. Je, kodi zinasomwaje? – Msomaji, Kaliua*

Kwa kipande cha waya. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Fungua, unganisha TE1 na E1 kwa kuangalia mchoro ulio chini ya mfuniko, kisha fungua swichi bila kuwasha. Taa ya injini itapepesa. Mpepeso wa mfululizo ulio sawasawa maana yake hakuna kodi. Mipepeso miwili, kituo kifupi, miwili tena ni 22, sensa ya joto la maji. Nyingine utakazokutana nazo ni 12 na 13 za mzunguko wa injini, 14 ya mfumo wa plagi, 41 ya throto. Usikosee tundu, kuna mengine humo yana umeme.

Maji yameingia

*Pajero imezama hadi kwenye viti mtoni, njia ya Kasulu. Tumeitoa, hatujaiwasha. Kompyuta tuianike juani? – Msomaji, Kigoma*

Mmefanya vema kutowasha, kwa sababu maji peke yake huharibu polepole, ila maji pamoja na umeme hula nyuzi za shaba ndani ya saa chache. Ng'oeni betri sasa hivi, vishikizo vyote viwili. Toeni kompyuta, mfungue mfuniko, muioshe bodi kwa maji safi kuondoa tope, kisha muimwagie spiriti na kusugua kwa brashi laini. Kuanika ikiwa na tope ni kulikausha tope lishike kwenye miguu ya chipu. Baada ya kuosha, ikaushwe kwenye upepo kivulini siku mbili, au mbele ya feni. Moto wa mkaa hapana. Soketi nazo zioshwe na kupulizwa, kwani maji hupanda ndani ya waya na kukaa nyuma ya pini. Kabla ya kurudisha, badilisheni oili ya injini, na mng'oe plagi zote mzungushe injini kwa spana, maana kama maji yameingia kwenye silinda, kompyuta nzima haitawasaidia.